Ua na Neno juu ya Kikwembe

Mtoto wa kwetu akizaliwa, Butembo ao Beni, nguo ya kwanza inayomgusa ni kikwembe cha mama yake. Msichana akiolewa, mbuzi za mahari zinahesabiwa moja moja, lakini mama mzazi akikosa kikwembe chake, maneno hayaishi. Na mama akifiwa, namna anavyokaza kikwembe kiunoni inatosha kutangaza habari kwa jirani wote. Mambo hayo msomaji anayajua sawa na sisi. Tunayataja tu ili tuweke ulizo ambalo limetusumbua kwa miaka: kama kikwembe kinatufuata tangu kuzaliwa hadi kufa, ni nani anayeandika juu yake? Maua yale ni ya nani, na maneno yale ni ya nani?

Sisi tunafundisha katika shule za sekondari, Kifaransa pamoja na kuchora, tangu tulipotoka ISP na diploma yetu. Tumefundisha Beni, kisha Butembo. Kati ya miji hii miwili kuna kilometa 54 tu, lakini kila mji uko na joto lake na soko lake. Kwa miaka kadhaa sasa tunawafundisha wanafunzi kuchora kwa nta juu ya kitambaa, kazi ile watu wanayoiita batiki. Tunawaomba waunganishe vitu viwili: ua walilolitazama kwa macho yao, na neno waliloliandika kwa mkono wao. Ni kazi ndogo ya saa moja kwa juma. Lakini imetuonyesha mambo juu ya desturi yetu ambayo hatukuyasoma katika kitabu chochote.

Kikwembe kinachosema bila herufi

Fika sokoni, uulize mama anayeuza: «Mama, hii kikwembe iko na jina gani?» Hatakujibu kwamba ni ya maua mekundu ao ya duara za bluu. Atakupa jina. Kuna ile ya Six Bougies, yenye picha ya buji za mashine ya gari. Wanasema mwanamke anayeivaa si wa kuchezea, yuko na mali ya kutosha kupanda gari kubwa. Kuna ile ya ndege wanaotoka ndani ya tundu, Si tu sors, je sors: ukitoka, nami natoka. Bwana anayerudi usiku akimkuta bibi yake ameivaa, hahitaji kuelezwa. Kuna maua makubwa ya hibiskusi ambayo watu wa Côte d'Ivoire wanayaita Fleurs de mariage, maua ya ndoa.

Sasa tutazame vizuri. Juu ya vikwembe hivyo hakuna hata herufi moja ya jina hilo. Kiwanda kinatoa picha na namba. Jina linatoka kwa wauzaji na kwa wanunuzi, linapita mdomo kwa mdomo, kutoka bandari hadi soko, na soko hadi kijiji. Kikwembe kikipata jina la kupendeza, kinauzika. Kikikosa jina, kinabaki kwenye rafu hata kama rangi ni nzuri. Basi picha ni ya mgeni, lakini neno ni la mama zetu. Hii ndiyo desturi, na sisi tunaona ni desturi ya heshima kubwa: watu ambao wengine kati yao hawakupata nafasi ya kusoma, wameweza kuandika juu ya nguo bila kalamu.

Herufi pekee zinazoonekana ziko kwenye ukingo: Véritable Wax Hollandais. Hilo ni neno la kiwanda, la kuonyesha nani mwenye mali na kusaidia mnunuzi asidanganywe. Tunajua mama ambao wanamwomba fundi wa kushona asiukate ukingo ule, ili jirani wasome na wafahamu beyi.

Kazi yenyewe ya waksi haikuanza Ulaya. Ilianza mikononi mwa watu wa Java, katika Indonesia ya leo, ambao wanachora kwa nta ya moto kisha wanachovya kitambaa ndani ya rangi. Pale nta ilipopita, rangi haiingii. Waholanzi waliiga kazi hiyo kwa mashine. Kampuni ya Vlisco ilianza katika mji wa Helmond mwaka wa 1846. Badala ya nta ya mkono, wanapiga utomvu kwa mitambo ya shaba pande zote mbili za kitambaa, kisha wanakichovya katika rangi ya bluu. Utomvu ukivunjika, rangi inaingia katika nyufa na kuacha mishipa midogo midogo. Mama zetu wanatafuta mishipa ile kwa kidole kabla ya kulipa. Hivi, kasoro ya kazi ya mkono imekuwa alama ya ubora wa kazi ya mashine.

Neno linaloshuka kutoka juu

Tunapaswa kuwa wa kweli: kuna vikwembe vyetu ambavyo vimeandikwa, tena kwa herufi kubwa. Wakati wa Zaire watu walivaa sura ya Mobutu na maneno ya chama cha MPR kifuani na mgongoni. Papa Yohane Paulo wa Pili alipofika mwaka wa 1980, na aliporudi mwaka wa 1985 kumtangaza Anuarite kuwa mwenye heri, vikwembe vilitolewa. Papa Fransisko alipofika Kinshasa mwanzoni mwa mwaka wa 2023, vilitolewa tena. Kila tarehe 8 Machi kuna kikwembe cha siku ya wanawake, na kwenye parokia kila chama cha mama kiko na chake, chenye maua pembeni na maneno katikati.

Hatusemi vibaya juu ya vikwembe hivyo. Sisi wenyewe tunavyo nyumbani, na vinatunza kumbukumbu. Lakini tuone tofauti. Hapa neno halikutoka sokoni. Lilishuka kutoka ofisi, likapigwa kwa herufi za mashine, sawa kwa mama elfu moja. Ua nalo limekuwa la kujaza nafasi tu: fremu ya kuzunguka tangazo. Mtu anayevaa hakuulizwa anataka kusema nini. Wasichana wetu wa leo wanajua kusoma na kuandika kuliko nyanya zao, lakini majina ya zamani ya vikwembe wanajua machache. Katika darasa moja la wanafunzi 41 tuliuliza majina ya vikwembe vya nyumbani. Walitupa majina 6 kwa jumla. Jambo hili ndilo lilitusukuma kuanza kazi ya nta.

Wengine walifanya namna gani

Kabla ya kuwapa wanafunzi kopo la nta, tuliwaonyesha namna mataifa mengine waliweka neno na ua pamoja. Mifano miwili ilitosha.

Mfano wa kwanza unatoka Bengkulu, kwenye kisiwa cha Sumatra. Kule wako na batiki inayoitwa besurek, maana yake yenye maandiko. Wanachora kwa nta herufi za namna ya Kiarabu, zilizopindwa na kurefushwa, na kati yake wanaweka ua la raflesia, lile ua kubwa sana linalopatikana katika misitu yao. Mara nyingi herufi zile hazisomeki. Ni umbo tu. Neno limegeuka kuwa ua.

Mfano wa pili uko karibu nasi: kanga ya watu wa pwani. Kanga iko na sehemu tatu, pindo kuzunguka, mji katikati, na jina, ni kusema yale maneno yanayoandikwa chini ya mji. Ilianza upande wa Zanzibari na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19. Mwanzoni haikuwa na maneno. Maneno yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi hizi tunazotumia. Mfanyabiashara mmoja wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliweka alama yake kwenye kanga zake: Mali ya Abdulla. Wengi wanasema ni yeye aliyeanza kuongeza methali. Msomaji aone: hata pwani, alama ya mwenye duka iko karibu na methali ya mwanamke, sawa na ukingo wa waksi yetu. Tofauti ni kwamba pwani wanawake waliyashika maneno yale wakayafanya silaha yao. Mke mwenza, mama mkwe, jirani mwenye mdomo mrefu, kila mmoja anaweza kujibiwa kwa kanga bila mtu kufungua kinywa. Kule ua linabaki ua, neno linabaki neno, na kila kimoja kiko na nafasi yake.

Kwetu, kama tulivyosema, ua liko juu ya kitambaa na neno liko kinywani. Basi tuliwaambia wanafunzi: mukitaka kuandika, mujue kwamba munatoa neno kinywani na kuliweka pahali ambapo halitafutika. Mufikiri kwanza.

Buji, nta ya nyuki na mkono

Kwa wenzetu walimu ambao watapenda kujaribu, tunaeleza kazi yenyewe. Kitambaa ni amerikani nyeupe ao shuka la zamani la pamba tupu; nailoni haifai, haishiki rangi. Kinafuliwa na maji ya moto ili wanga wa kiwandani utoke. Nta tunaipata kwa kuvunja buji za dukani na kuongeza nta ya nyuki, ile inayobaki kwa wauza asali. Buji peke yake ikiganda inavunjika ovyo. Nta ya nyuki inailainisha. Sisi tunatia vikombe viwili vya buji kwa kimoja cha nta ya nyuki. Kopo la nta linawekwa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, si juu ya makala moja kwa moja, maana nta ikipita joto inashika moto, na watoto wako karibu.

Watu wa Java wanatumia kijiko kidogo cha shaba chenye mdomo mwembamba. Sisi tunakunja bati la kopo la nyanya, tunalifunga kwenye kijiti, na linaandika vizuri. Butembo, kwenye mita zaidi ya 1.700, asubuhi ya baridi nta inaganda kabla haijafika kwenye kitambaa. Hapo inafaa kufanya kazi karibu na jiko. Beni kuko joto zaidi, nta inabaki maji na inatawanyika, basi herufi sharti ziwe kubwa. Popote, nta inapaswa kupita hadi upande wa pili. Ikibaki juu tu, rangi itapita chini yake na neno litapotea. Rangi ni ya maji ya baridi, tunaanza na hafifu, mfano njano, kisha nta tena, kisha nyekundu ao bluu. Mwisho, pasi ya makala na magazeti ya zamani yanafyonza sehemu kubwa ya nta.

Jambo linalowashangaza wanafunzi ni hili: kwenye daftari kalamu inaacha weusi, lakini hapa unaandika weupe. Pale mkono wako ulipopita ndipo rangi haitafika. Na nta haifutwi. Mkono ukitetemeka, mtetemo utaonekana. Mwanafunzi anayeandika haraka haraka ili mwalimu amalize kusahihisha, mbele ya nta anapunguza mwendo bila kuambiwa.

Juu ya maua tulipata shida ya kwanza. Karibu wote walichora waridi, lile la kadi za sikukuu, lenye majani mawili na tone la maji. Tukawatuma nyumbani na mashambani, kila mmoja alete ua ambalo mama yake analijua. Juma lililofuata walileta ua jeupe la kahawa, la maboga, la viazi, la marakuja na nyuzi zake za zambarau, la pareto kutoka milima ya Lubero, la hibiskusi kutoka ua wa nyumba. Mmoja alileta la mharagwe akaogopa watamcheka. Ua la mharagwe, likichorwa kwa nta kubwa kama kiganja, ni zuri kupita mawaridi yote ya kadi.

Juu ya kuunganisha ua na neno, tulifikia kanuni chache. Neno na ua viandikwe kwa kifaa kimoja, ili mistari iwe ya unene mmoja. Hapo macho yanavipokea kama ndugu. Neno lianze, ua lifuate, maana ua linaweza kupinda kupisha neno, lakini neno likipinda sana halisomeki. Neno linaweza kuwa shina la ua, ao kupanda kama mche wa marakuja unavyopanda juu ya uzio. Lisipite juu ya ua, maana vyote viwili vitapotea. Maneno yasipite matano. Tena lazima mwandishi ajue kitambaa kitavaliwa namna gani: maneno yakiangukia kwenye mkunjo, yamezikwa.

Jina la Kambale

Mwenzetu mmoja alituuliza: «Mwalimu, juu ya nini kuandika na mkono? Leo iko simu na mashine, herufi zinatoka safi.» Ni ulizo la haki. Tulimjibu kwa majina ya wanafunzi wake.

Kwa Wanande, majina mengi yanaonyesha nafasi ya mtoto katika uzazi. Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Kwa hiyo katika darasa moja unaweza kuwa na Kambale wanne na Kasereka watatu. Kwa mashine, Kambale wote ni mmoja. Kwa mkono, hakuna Kambale wawili walio sawa: mmoja anasimamisha K yake kama askari, mwingine anailaza, mwingine anamalizia na mkia mrefu. Tulipotundika vitambaa ukutani bila kusema ni vya nani, wanafunzi walitambua mwenye kila kimoja. Walisoma mkono kuliko jina. Basi kwa watu kama sisi, ambao jina letu ni la wengi, mwandiko ndio unasema ni Kambale yupi.

Na lugha? Tuliwaacha huru. Mwanzoni wengi waliandika Kifaransa, maneno yale yale ya kwenye magari na kwenye kuta za maduka. Kidogo kidogo Kiswahili kikaingia, na Kinande. Msichana mmoja aliandika Wasingya mama, asante mama, na maneno yale yakawa shina la ua la boga. Alituambia mama yake alikuwa hajaona bado Kinande kimeandikwa juu ya nguo. Kukiona ndani ya Biblia, ndiyo. Juu ya nguo, hapana.

«Jina ya mutu haikaliwaka»

Tufike sasa kwenye jambo ambalo lilikuwa zito. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamerudia mara nyingi katika eneo la Beni, na katika madarasa yetu kuna watoto waliokimbia kutoka upande wa Oicha, Mbau na Eringeti. Kisha Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, Mangina, ikashuka Beni, ikafika Butembo na Katwa, na ilipomalizika tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2.287. Wakati ule wafu walizikwa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, ndani ya mifuko. Tunajua ilikuwa lazima ili ugonjwa usiendelee. Lakini hatukuweza kuwaosha watu wetu, wala kuwavalisha kwa mikono yetu. Familia nyingi zilibaki na kikwembe kilichokunjwa ndani ya sanduku, na mwenyewe hayuko.

Mwanafunzi mmoja, mtoto wa miaka 16, aliomba ruhusa ya kuandika jina la nyanya yake, mukaka kama tunavyosema kwa Kinande, aliyekufa katika ugonjwa ule. Alilizungusha na maua ya kahawa, maana nyanya alikuwa na kahawa nyuma ya nyumba. Kilikuwa kitambaa kizuri kupita vyote vya mwaka ule. Shangazi yake alitaka kukivaa siku ya misa ya ukumbusho. Hapo ndipo mama mmoja mzee wa mtaa akakataa. Hakupiga kelele. Alisema tu: «Jina ya mutu haikaliwaka, mwalimu. Hii kikwembe mutaifunga kiuno, mutaikalia, mutaifua na maji ya chafu. Mukaka atakuwa chini yenu?»

Maneno hayo yalitufundisha kuliko kanuni zetu zote. Kwenye kanga ya pwani, maneno yanakaa chini ya mji, yanaangukia nyuma ya mvaaji, na ndipo yanasomwa vizuri. Methali inaweza kukaa pale. Masengenyo yanaweza kukaa pale. Lakini jina la mfu, kadiri ya mama yule, haliwezi. Wakina mama wengine walikuwa na mawazo mbalimbali: mmoja alisema majina ya watakatifu yako kwenye vikwembe vya parokia na tunavikalia kila Jumapili, mwingine alijibu kwamba ndiyo sababu yeye hakalii chake, anakivaa begani. Mazungumzo yalichukua jioni nzima, na tuliona kitu tulichokuwa tunakitafuta darasani: watu wanabishana juu ya neno na nguo kama mali yao wenyewe, bila kungoja ofisi iwaambie.

Mwisho mama mzee ndiye aliyetoa njia. Alisema: «Mumubebeshe nayo mutoto. Kwenye mugongo, pahali mutoto analala, jina inaweza kukaa.» Kitambaa kile kilipewa dada mkubwa wa mwanafunzi, ambaye alikuwa na mtoto mchanga. Leo jina la nyanya linatembea Butembo juu ya mgongo, na chini yake kuna mtoto anayepumua. Tangu siku ile, kabla ya kuandika, tunawauliza wanafunzi ulizo moja zaidi: neno hili litakaa pahali gani ya mwili?

Tufanye nini

Hatutaki kudanganya wasomaji kwamba batiki ya shule itashinda waksi ya Uholanzi ao ya China. Mama wa Butembo anayefuata bidhaa hadi Dubai na Guangzhou anajua hesabu kutupita. Kitambaa kimoja cha mkono kinachukua siku tatu, na rangi zinatoka Kampala kwa beyi inayopanda. Hii si biashara ya kutajirisha mtu.

Lakini tunaona mambo matatu yanawezekana, na chama chetu cha utamaduni kinaweza kuyasimamia. La kwanza, kukusanya majina ya vikwembe kwa mama wazee wa masoko ya Butembo, Beni, Oicha na Kasindi, pamoja na maelezo ya kila jina, kabla hawajaondoka nayo. Wanafunzi wanaweza kuifanya kazi hiyo wakati wa likizo kwa daftari na kalamu tu. La pili, vyama na parokia vinapoagiza kikwembe cha sikukuu, wasitume maneno peke yake kiwandani. Waitishe kwanza mama watoe maneno, na mtu wa mwandiko mzuri ayaandike kwa mkono. Kiwanda kinaweza kuiga mwandiko ule sawa na picha yoyote. Ua nalo liwe la kwetu, la kahawa ao la maboga. La tatu, shule zipewe buji, nta na amerikani kidogo, ili kila mwanafunzi anayemaliza sekondari awe ameandika mara moja katika maisha yake neno moja lisilofutika, ajue uzito wake.

Nta inafanya kazi kwa kufunika. Inafunika sehemu ndogo ya kitambaa wakati rangi inapita juu ya mengine yote, na mwisho tukiitoa, ile sehemu iliyofunikwa ndiyo inasomeka. Mambo mengi yamepita juu yetu katika miaka hii, na mengine hayajaisha kupita. Wanaojua majina ya vikwembe bado wako, lakini wanapungua. Anayesoma kurasa hizi na ambaye bado yuko na nyanya, amwulize jioni ya leo kikwembe chake kinaitwa namna gani, na aandike jibu kwa mkono wake.